Altezza ya 1999: nitie uyoga au nibaki na boksi lake?

Swali limetoka kwa kijana wa Fuoni, hapa Unguja, lilikuwa refu nimelikata: "Assalamu alaykum fundi. Nna Altezza RS200 ya 1999, gia sita za mkono, injini 3S ya BEAMS. Boksi la eaklina (lile la plastiki linalokaa filta ya hewa) limevunjika klipu mbili na kidogo lina ufa. Mwenzangu mmoja ananambia litupe tia uyoga (ile filta ya wazi yenye umbo la uyoga, haina boksi), mwengine anasema nichukue lile bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa ndo hewa baridi, wa tatu anasema tia filta ya kuosha humo humo ndani ya boksi. Mie nataka gari iamke kidogo na iwe na mlio, ila nisije nikaiua. Nichukue ipi?"

Wa alaykumu salaam yakhe. Afadhali wewe umeuliza kabla hujanunua, mana wengi wananijia gari ishatiwa dude, taa ya injini inawaka, na wanachotaka mie niizime taa tu, ugonjwa hawautaki kuusikia.

Jibu langu nalitanguliza mana najua wengine hamfiki chini: lirudishe boksi la Toyota liwe zima kama lilivyotoka kiwandani, ndani utie filta mpya ya karatasi, basi. Najua sio jibu ulilokuwa ukilitaka. Sasa nisikilize kwa nini, na mlio tutauzungumza, sijausahau.

Anza na injini yenyewe. Hiyo 3S ya Altezza kichwa chake Yamaha alitia mkono, ya gia za mkono kama yako inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7600 kwa dakika, ngoma ya lita 2 bila ya turbo, yaani kitu cha heshima. Injini ya lita 2 kila mizunguko miwili inavuta lita 2 za hewa, kwa iyo ukiifikisha 7600 inavuta kama lita 7,600 kwa dakika moja. Chukua lile pipa la mafuta la lita 200 lijaze hewa, Altezza yako inalimaliza kwa sekunde moja na nusu. Na kila lita moja ya petroli unayoichoma inataka zaidi ya lita 9,000 za hewa kwenda nayo. Mtu akisikia hesabu hizi anasema ahaa, basi hilo boksi la plastiki na kile kipua chake chembamba ndo kinachoiziba pumzi, nikiking'oa gari itaruka. Hata mie zamani nilikuwa nikiamini hivo.

Mpaka siku moja nikapima. Na kupima kwenyewe hakutaki mashine, kunataka mpira wa leveli, ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao mafundi ujenzi wanatia maji kupatia usawa wa ukuta. Utaona kuna mpira wa pumzi unatoka kwenye kava la valvu unakwenda kuingia kwenye bomba la hewa, baina ya eaklina na throto bodi (ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Uchomoe kwa muda, kwenye kile kimdomo chake cha kwenye bomba uvishe mpira wa leveli, uupitishe dirishani uingie ndani ya gari, umfungie mwenzako kwenye ubao umbo la U, mkono mmoja mrefu kama mita, utie maji yenye rangi kidogo (mie nilitia Vimto, iliyobaki tukanywa). Ncha ya pili iwache wazi. Injini ikivuta kwa nguvu maji yanapanda upande mmoja na kushuka wa pili, na ile tofauti ya vimo viwili ndo shida inayoipata injini kupumua. Alfajiri, barabara nyeupe, gia ya pili tu, kanyaga mpaka chini ifike 7000 uwachie, mwenzako asome. Gia ya pili inatosha, usinitafutie kesi na trafiki.

Nilipata kama sentimita 25. Sasa hewa yote hii iliyotuzunguka ina uzito wa kusukuma maji mita 10 na kidogo, kwa iyo sentimita 25 ni kama asilimia 2 na nusu. Unaifahamu maana yake? Hata ukang'oa boksi, filta, bomba, pua, kila kitu, ukaiacha injini ivute hewa mdomo wazi, kilichopo pale cha kugombania ni asilimia 2 na nusu, farasi watano, na hao watano wote huwapati mana filta yoyote utakayotia na yenyewe inaziba kidogo. Yaani maneno yote ya maskani, usiku mzima, ni juu ya farasi watatu wanne.

Haya njoo upande wa pili wa daftari. Hewa ikipata joto inatanuka, inakuwa nyepesi, kila nyuzi 10 zinazopanda unapoteza kama asilimia 3 ya hewa inayoingia. Pua ya boksi la Toyota inachukua hewa mbele huko, nje ya joto la injini, kwa hapa kwetu mchana tuseme nyuzi 32. Uyoga ulio wazi unavuta hewa ya chini ya boneti. Chukua kipimajoto cha waya, kile cha kupimia friji, kining'inize pale unapotaka kuufunga uyoga wako, afu nenda kakae foleni ya Darajani saa saba mchana na AC umewasha. Utaona 60 na zaidi. Hapo ushapoteza asilimia 8 au 9 ya hewa. Ukitoka ukashika njia ya shamba upepo unapita, joto linashuka, lkn bado utakuta nyuzi 10 mpaka 15 zaidi ya nje, yaani asilimia 3 mpaka 5 unazitoa ili upate 2. Na haishii hapo, mana ndani ya senza ya hewa mna kipimajoto pia, kompyuta ikiona hewa ina moto inarudisha taiming (wakati wa kupiga cheche) nyuma injini isije ikagonga, yaani petroli isije ikaripuka yenyewe ndani ya silinda, farasi wengine wanaondoka hapo.

Kwa nini basi kila aliyetia uyoga anaapa kuwa gari imebadilika? Sikio, yakhe. Boksi la kiwandani na vile vijitungi vilivyobandikwa pembeni ya bomba, ambavyo mafundi wengi wanaving'oa wakidhani ni takataka, kazi yake ni kuumeza mngurumo wa hewa. Ukiviondoa unasikia injini inavuta pumzi kila ukikanyaga, na mtu akisikia kelele mguu unamwambia gari ina kasi. Mie mwenyewe ule mlio naupenda, sikatai, 3S ikipita 6000 na mdomo wazi inaimba. Lkn kuimba na kukimbia mbali mbali.

Sasa vumbi, na hapa ndo nakuwa mkali mana hapa ndo injini zinapokufa kweli. Huko magari haya yalikotengenezwa barabara ni lami mpaka mlango wa nyumba. Sie hapa ukitoka barabara kuu tu unaingia njia ya mawe na fusi, chokaa nyeupe inaruka, na Pemba ndo usiseme, ule udongo mwekundu ukikauka unakuwa kama unga wa dengu. Nilikwenda Chake mwaka mmoja kuangalia gari ya jamaa inayokula oili, uyoga wa sponji wa bei poa, jina kubwa la Kijapani limeandikwa juu ila ukiushika tu unajua sio wenyewe, kwenye jua unaona mwanga unapita ndani yake. Nikafungua bomba, nikatia kidole ndani, upande ule ambao hewa ishapita kwenye filta tayari. Kidole kikatoka chekundu. Jamaa akawa ananitizama tu. Udongo ukichanganyika na oili kwenye kuta za silinda ni msasa, ringi za pistoni zinakwisha pole pole bila ya mlio wowote, siku unayojua ni siku unaona moshi.

Kwa iyo leo hii, kabla hujanunua chochote, fanya jaribio la kidole kwenye gari yako. Toa mpira baada ya boksi, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Ufa uliosema upo wapi? Kama upo baada ya filta, au zile klipu mbili zimeacha mfuniko haukai sawa kwenye raba yake, basi wewe saivi unaendesha gari isiyokuwa na filta, na huenda hata hiyo "kulala" unayoilalamikia ni hapo hapo inapoanzia. Shika ule mpira wenye makunjo unaokwenda kwenye throto bodi uukunje kwa mkono, na tochi, uangalie ndani ya makunjo. Raba ya miaka 25 kwa joto la hapa inapasuka upande wa chini usikoona, ukiiangalia kwa juu nzima kabisa. Injini ikijitikisa ufa unafunguka, inaingia hewa ambayo haikuhesabiwa, sailensi (mizunguko ya injini hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka, mtu anabadilisha plagi anabadilisha koili mpaka anachoka.

Nimesema haikuhesabiwa, wacha nieleze mana hii ndo sehemu wanayoikosea wauza bomba. Altezza ina senza ya hewa, MAF, imechomekwa pale kwenye mdomo wa boksi. Ndani yake mna kiwaya chembamba kinachotiwa moto na umeme, hewa ikipita inakipoza, kama wewe unavyoipuliza chai, na kompyuta inaangalia inabidi itie umeme kiasi gani kukirudisha kwenye joto lake, ndo inajua hewa kiasi gani imepita na petroli kiasi gani imwage. Lkn kile kiwaya hakiioni hewa yote, kinaona ile inayokigusa tu, kilichobaki kompyuta inakisia kwa sababu inajua upana wa lile bomba. Ukampa bomba jengine pana zaidi hesabu yote imeharibika. Tuseme bomba la kiwandani ni milimita 70 ndani na wewe umeletewa la 76, unaona milimita 6 ni nini, lkn ule uwazi umeongezeka asilimia 18, hewa inapita taratibu zaidi mbele ya kiwaya, kompyuta inadhani hewa ni ndogo, inamwaga petroli ndogo. Ukienda mwendo wa kawaida senza ya oksijeni kwenye eksozi inaligundua hilo na kusahihisha. Ukikanyaga mpaka chini kompyuta haiisikilizi tena ile senza, inafuata hesabu zake, na hesabu zake ni za uongo. Injini ya kubana 11.5 kwa 1, iliyotengenezwa kunywa petroli ya okteni kubwa ya Japan na sie tunaitilia kinachopatikana kituoni, juu yake unaipa mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli ndogo, kwenye 7000. Itagonga, na kugonga kwenye mizunguko ile husikii, mana kuna ule mlio mzuri wa uyoga.

Ndo maana nasema kipimo cha bomba la MAF lazima kiwe kile kile. Chukua vernia, kile kipimo cha kupimia upana wa ndani ya bomba, uende nayo dukani. Akikwambia "inaingia tu hii, universal", mshukuru uondoke.

Filta ya kuosha, ile ya pamba inayotiwa oili, aina ya K&N, inayokaa ndani ya boksi lako mwenyewe: ile haina dhambi kubwa, hewa bado inatoka nje, bomba halijaguswa. Inapitisha hewa rahisi kidogo kuliko karatasi na vumbi jembamba inapitisha rahisi kidogo pia. Kwa anayekaa mjini na anajua kuitunza sawa. Taabu ni kutunza. Siku za ujana wangu niliiosha ya kwangu nikaitia oili kama naungia samaki, nikaona nyekundu nzuri, nikafunga. Wiki haikuisha gari inakohoa ikiondoka taa za barabarani. Oili ilikuwa imevutwa mpaka kwenye kiwaya cha MAF, vumbi likanasa juu yake, kimevaa koti, hakipoi sawa sawa. Kosa langu mwenyewe, na wakati ule nilishanunua koili mbili za bure kabla sijalijua. Yakikisibu kiwaya chako kioshe kwa spreyi yake maalum ya MAF, kwa mbali, kiache kikauke chenyewe, usikiguse kwa kitambaa wala kwa kijiti cha masikio, na usitie kabureta klina.

Bomba refu la nyuma ya bampa. Huyu aliyekwambia hewa baridi hakukudanganya, hewa ya kule chini ni baridi kweli na ukiliona kwenye gari za Marekani watu wanalifurahia. Lkn wewe unakaa Fuoni! Masika ikishuka utapita wapi kuja mjini? Maji yakijaa njiani kuna siku hata daladala zinasita. Nshapokea gari hapa, sio Altezza, imevutwa kwa kamba, kijana alikuta dimbwi akaliona dogo, filta iko chini kule imezama, injini ikavuta maji badala ya hewa. Hewa pistoni inaibana, maji hayabaniki, kitu kimoja lazima kikubali na kilichokubali ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, ilipinda kama ndoana. Na baada ya kuzimika alipiga starta mara tatu nne kuona kama itawaka, alichokuwa hajakivunja akakivunja hapo. Pua ya boksi la Toyota ilitiwa juu kwa sababu. Mtu wa kiangazi tupu anaweza kubishana na mie, wewe huwezi.

Kwa iyo kazi yako hii. Tafuta boksi la mtumba zima na mpira wake na pua yake, hapa kwa wauza spea za Japan au agizia Kariakoo, hakikisha ni la SXE10, ndo namba ya chasisi ya RS200 yako, usipokee la Altezza AS200 kwa kubahatisha mana ile injini ni ya silinda sita na mipira yake inakwenda kwengine. Angalia ile raba ya mfuniko na klipu zake zote kabla hujatoa pesa. Vijitungi vya pembeni virudishe. Filta ya karatasi ya kueleweka, uitoe kila baada ya miezi miwili uikung'ute kwa kuigonga, usimpe kijana wa gereji aipulize na kompresa kwa karibu, upepo ule unatoboa karatasi na tundu lenyewe hulioni. Imeshakuwa nyeusi nunua nyengine, ni bei ya chakula cha mchana. Uoshe MAF, uoshe throto bodi, uangalie plagi. Nakuhakikishia kuamka unakokutaka robo tatu yake kupo hapa.

Na mlio? Baada ya hayo yote, gari ikiwa nzima na roho bado inataka, fanya hivi. Uyoga wa sawa, wa pamba au karatasi, sio wavu wa chuma na sio sponji ya bei poa. Mdomo wa MAF wenye upana ule ule wa ndani, na baada ya uyoga uwe na kipande kilichonyooka kabla ya senza, usiibandike kwenye kona hewa ikija inazunguka inakidanganya kile kiwaya. Afu nenda kwa fundi bati akukatie alumini ajenge ukuta uzunguke uyoga wote, juu yake avishe raba ya mlango wa gari ya skrepa ili boneti ikifungwa iibane, na ile pua ya kiwandani ielekee humo ndani. Kwa namna hii umetengeneza boksi upya, unajua? Ila la kwako linaimba. Kipimajoto chako cha friji kitie humo ndani utembee nacho siku mbili, kama kinasoma zaidi ya nyuzi 5 juu ya nje basi kuna pahala ukuta unavuja.

Ule mpira wa pumzi wa kwenye kava la valvu usije ukauacha unaning'inia. Mabomba mengi ya kununua hayana kimdomo chake, na mafundi wanaufunga soksi au kachupa ka maji, nshaona. Unatakiwa urudi kwenye bomba baada ya MAF kama ulivyokuwa. Na klempu zote chukua za chuma kisichoshika kutu, hewa yetu hii ya chumvi zile za bei rahisi mwaka mmoja zinakatika zenyewe usiku gari imelala.

Mwenye turbo asichukue hesabu hizi akazipeleka kwenye gari yake, turbo mambo yake mengine, ile sentimita 25 kwake inaweza ikawa nyingi zaidi.

Anza na kitambaa cheupe leo ukirudi kazini, kabla hujapiga simu ya boksi. Kikitoka na rangi nitumie picha ya ufa ulipo, na gari isende tena njia ya vumbi mpaka tuufunge, hata kwa gundi ya raba kwa muda.